Wakili Tusekile na Jembe la Ukutani

Mpemba, Tunduma
9 Februari 2025

Kaka Clement, shikamoo.

Huku sote wazima, nawe huko Dar natumaini vitabu vya sheria havijakumaliza. Mama yuko kijijini Mbebe, kule Ileje. Goti lake la kushoto linamsumbua mvua ikizidi, ila bado anapanda kilima kwenda kwenye maharage kama msichana. Anasema mwezi uliopita alirudi kutoka shamba akakuta mtu ameegesha jembe jipya ukutani, nje ya jiko. Hakumwona mwenyewe. Amewaza labda mama mchungaji amerudisha lile alilomwazima, akaona aibu kurudisha la zamani. Basi amelitia mpini, analilimia. Linakata vizuri, anasema.

Tabita ametimiza miaka miwili. Ukimkataza kitu anakuitikia "haya," halafu anakifanya vilevile, tena anakuangalia usoni.

Sasa jambo lenyewe, na usinicheke. Watson, mtoto wa shangazi yetu wa Nakonde, upande wa Zambia, amemaliza chuo huko Kitwe, siku hizi yuko mpakani na mawakala wa forodha. Amekuja na mchezo. Jumapili mchana, tukitoka ibadani, tunakaa saluni kwa Priska, pale ninaposuka, tunaweka meza katikati. Si karata wala bao. Watson anasimulia: mko nchi fulani, mbele yenu kuna hiki na hiki. Kila mmoja wetu ni mtu wa nchi hiyo, ana karatasi yake imeandikwa anachoweza na asichoweza. Ukitaka kufanya jambo unalisema, kisha unarusha dadu. Dadu lenyewe lina pande ishirini. Likija na namba kubwa umefaulu, likija na ndogo umeumbuka. Juzi nimelitoa mdomoni mwa Tabita, alidhani pipi.

Priska alichukua shujaa wa mkuki. Yonasi, utingo wa lori lililokwama kwenye foleni wiki ya pili sasa, akachukua mganga anayegeuka fisi. Nikaulizwa mimi. Nikasema, mimi ni wakili, kama kaka yangu.

Watson akashika kichwa, akaniita kwa heshima ya kwao. "Wakili? Mbele ya joka, ba Fides?"

Nikamwambia hata joka lina kesi yake. Basi naitwa Wakili Tusekile. Sina upanga. Nina mkoba wa mafaili na punda wa kuubeba.

Joka limekalia chemchemi ya kijiji, linasema ni yake. Nilisimama nikahutubia kama mwinjilisti, haki, Mungu, machozi ya wajane, kila kitu. Nikarusha dadu. Tatu. Joka likapumua mara moja, mafaili yote majivu. Watson akasema, "Wakili anayesema sana huchomwa."

Kaka, wewe ndiwe wa kweli. Nifundishe. Mtu akikalia kitu cha watu akasema ni chake, wakili huanzia wapi?

Barua nampa kondakta ampelekee rafiki yako Lusubilo, ofisi ya mabasi huko Dar, kama ulivyoelekeza, maana tangu simu yako iibiwe naona hujapata nyingine.

Tabita amekaa juu ya karatasi, siwezi kuongeza.

Mdogo wako,
Fides


Dar es Salaam
16 Machi 2025

Fides,

Marahaba. Mimi mzima. Mpe Mama pole ya goti, mwambie nitamletea dawa nzuri ya huku nikipata nafasi. Mbusu mtoto.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani uliiandika ukiwa na homa.

Mdogo wangu, sheria ni taaluma. Vitabu vyake ni vinene kuliko tofali, na mimi nimebakiza mwaka mmoja tu. Halafu wewe, uliyeishia kidato cha pili, unavaa joho langu katikati ya mafuta ya nywele na rasta za bandia, unamshitaki mjusi mwenye mabawa. Shahidi wako utingo, tena fisi. Mahakama yenu inaamua kwa dadu. Niliwasomea wenzangu hosteli, mmoja alianguka kitandani kwa kucheka.

Unauliza wakili huanzia wapi. Huanzia shule.

Ningekuwa wewe Jumapili ningefua. Mwenye mtoto mgongoni hachezi na majoka. Na huyo Watson, mtu amesoma chuo kizima ili arudi kuwadanganya kina mama wa saluni kwamba ni mashujaa! Mwambie akatafute kazi ya watu wazima.

Sina muda zaidi, kesho tuna mhadhara mkubwa.

Kaka yako,
Clement M.
(Wakili mtarajiwa)


Mpemba
30 Machi 2025

Kaka, shikamoo.

Asante kwa kunichekea hosteli nzima. Nimefurahi kwamba huko Dar mna nafasi ya kucheka. Mama anakusalimu, goti limetulia, mahindi yamebeba vizuri safari hii. Mjomba Gasper anakusalimu pia. Alikuwa amekunywa, lakini salamu ni salamu.

Uliniambia nifue. Nimefua. Sasa nisikilize, maana hili si la mezani.

Jumanne Mzee Abrahamu alikwenda Mbebe kwa Mama. Huyo ndiye baba mkubwa wa Amoni, yule Amoni aliyenitia mimba ya Tabita akaondoka kwenda kwao Mbozi, akasahau hata njia ya kurudi. Miaka miwili hakuuliza mtoto anaitwa nani. Mzee amevaa koti, ameshika fimbo, na fimbo haimtegemezi, anaishika ya kunyooshea watu. Alipofika hakusalimia vizuri, alielekeza fimbo shambani. Akasema, "Lile jembe mnalolimia ni letu."

Mama akasema samahani baba, chukua jembe lako.

Mzee akacheka. "Silitaki. Tulileta jembe kumtambua mtoto wetu. Nyie mmelipokea, mmelitia mpini, mmelilimia. Jembe limelima, mtoto ni wetu. Tunakuja kumchukua."

Kaka, kumbe ndilo lile la ukutani! Unajua mwenyewe kwetu jembe ndiyo posa, na ndilo la kumtambulia mtoto. Likiingia shambani, maneno yamekwisha. Mama alikuja Mpemba na basi la asubuhi, amekaa kitandani kwangu analia, anasema, nimemuuza mjukuu wangu kwa palizi ya maharage. Nimemshika mikono, nimemwambia hujauza kitu.

Wanataka kikao cha ukoo. Baba hayupo, kwa hiyo wa kusimama upande wetu ni wewe, mtoto wa kiume, tena wakili. Naomba uje. Siku moja tu. Hata ukikaa kimya, wakikuona na tai yako wataogopa.

Tabita hajui lolote. Leo amejifunza kusema jina lake lote, analitamka mbele ya kila mteja wa saluni.

Fides


Dar es Salaam
4 Mei 2025

Fides,

Marahaba. Barua yako imechelewa kunifikia. Mimi mzima, ila nimebanwa sana.

Hao watu wa kahawa wa Mbozi nawafahamu. Wakiwa na mibuni mia wanajiona watemi. Na huyo Amoni sijui ulimpendea nini, hata shati alikuwa hajui kufunga vifungo vyote. Ungenisikiliza wakati ule hatungekuwa tunaongelea jembe sasa.

Suala lenyewe ni jepesi mno kwa mtu msomi. Kisheria ni jambo la prima facie, ipso facto halina mashiko, de jure mpaka de facto. Waambie hivyohivyo watatawanyika. Mimi siwezi kuacha mitihani nije Ileje kubishana na wazee juu ya kipande cha chuma. Mpeni mjomba Gasper aseme.

Na wewe usithubutu kusimama. Utatuaibisha. Utaleta mambo ya majoka mbele ya watu wazima.

Clement M.


Mpemba
25 Mei 2025

Kaka, shikamoo.

Tupo. Baridi imeingia, Tabita anavaa soksi zangu, zinamfika mapajani. Mama hajambo kwa mbali.

Yale maneno yako ya Kilatini nilimsomea Mama. Aliuliza hizo dawa zinanywewa kabla ya kula au baada.

Kikao ni Jumamosi tarehe 21 Juni, Mbebe, nyumbani kwetu, saa nne asubuhi. Mjomba Gasper amekubali kusema. Nimemuuliza atasema nini, akajibu, "Nitaona hapohapo." Basi unaelewa tuko wapi.

Nimerudi mezani Jumapili tatu mfululizo. Wewe endelea kucheka. Nimerudi kwa sababu pale tu ndipo watu wananisikiliza nikiuliza. Joka lilisema, "Nimekunywa hapa miaka saba, hakuna aliyenikataza." Safari hii sikuhutubia. Nilimuuliza, nani alikukaribisha? Kisha nikanyamaza. Watson akangoja niongeze, mimi kimya. Priska akanikanyaga mguu chini ya meza, mimi kimya. Nikarusha dadu, kumi na saba! Joka likaanza kujieleza lenyewe, na kadiri lilivyojieleza ndivyo lilivyopotea. Yonasi, ambaye lori lake limerudi tena foleni, alipiga kelele mpaka wateja wa duka la jirani wakaja kuchungulia.

Kaka, sikulaumu kwa mitihani. Lakini nakuomba mara ya mwisho. Popote ulipo, tarehe 21 si mbali. Hata kwa pikipiki mtu anafika.

Nitakuwekea kiti. Kitakuwa kando ya Mama.

Fides


Mpemba
6 Julai 2025

Kaka Clement, shikamoo.

Mama mzima. Tabita mzima, yupo hapa, yupo na mimi, nimelianza hilo ili usije ukajisumbua kuwaza. Barua yangu ya Mei hukuijibu. Kiti kilikaa na baridi yake mpaka saa nane, mjomba Gasper akaweka kofia juu yake.

Nikueleze kikao. Walikuja kumi na mmoja. Sisi tulikuwa watatu na mtoto. Mchungaji mstaafu ndiye aliyeongoza, maana hana ndugu upande wowote. Mzee Abrahamu alisimama akaeleza jembe lao robo saa nzima, la chuma gani, lilivyonolewa, ungedhani anaposa nalo. Amoni alikaa nyuma. Tabita alimwendea akamwita mjomba. Amoni akaangalia viatu vyake, na kweli, Kaka, vilikuwa ndicho kitu pekee cha kuangaliwa kwa mtu yule.

Ikafika zamu yetu. Mjomba Gasper akasimama, akasema, "Ndugu zangu, undugu ni undugu," akakaa. Hiyo ndiyo hotuba tuliyoipika tangu Mei.

Nikasimama mimi.

Mzee Abrahamu akaninyooshea fimbo. "Huyu naye? Hakuna mwanaume kwenye nyumba hii? Kaka yake si wakili?"

Nikasema, "Kaka yangu ana mitihani. Mimi nina maswali tu, baba. Hotuba sina."

Mchungaji akasema niulize. Nikajiambia, Tusekile, usihubiri.

Nikauliza, "Baba, jembe alilileta nani?"

"Violet, dada yake Amoni. Tulimtuma sisi."

"Aliongozana na mshenga gani?"

"Mshenga wa nini? Ni mwanetu, anajua njia."

"Alimkabidhi nani?"

Hapo akakohoa. "Mama yako alikuwa shamba. Aliliegesha ukutani."

"Alisema nini alipoliegesha?"

Nikanyamaza. Nilihesabu pumzi zangu. Mama alitaka kusema kitu, nikamgusa bega. Watu wakaanza kuangaliana. Mzee akapandwa hasira, akagonga fimbo chini. "Angesema nini? Aseme na ukuta?"

Kaka, wa kwanza kucheka alikuwa mkewe mwenyewe, Bibi Ruti. Alijiziba na khanga lakini mabega yalimuumbua. Kisha kile kicheko kikazunguka nyumba nzima, hata Violet.

Nikasema, "Basi baba, mliposa kwa ukuta. Mjukuu mkauombe ukuta." Nikakaa.

Mchungaji alingoja kicheko kiishe, akasema jembe bila mshenga na bila maneno ni chuma tu, na chuma kilichookotwa ukutani hakimpi mtu mtoto. Tabita abaki kwa mama yake. Amoni akitaka kumwona aje mchana, apige hodi, aseme maneno kwa mdomo wake. Mama akaenda jikoni akalileta jembe, amelisugua linang'aa. Mzee akanyoosha mkono. Mama akasema, "Ngoja baba." Akaligonga juu ya jiwe mara tatu, akachomoa mpini. "Huu ni wangu." Mzee akateremka kilima na jembe lisilo na mpini mkono mmoja na fimbo mkono wa pili. Hajawahi kuonekana mdogo vile.

Sasa la pili. Nililikalia moyoni miezi miwili na zaidi.

Wiki ya Pasaka alikuja saluni mama mmoja anaitwa Eva, anauza chakula Mkwajuni, karibu na wachimba dhahabu. Nilikuwa namsuka. Akaona ile picha yako niliyobandika juu ya kioo, uliyopiga na joho la kuazima. Akasema, "Huyu si bodaboda wetu? Anakula kwangu kila siku. Sisi tunamwita Wakili."

Nikamwambia umemfananisha. Akasema, ana kovu kwenye nyusi, anaongea Kilatini akidaiwa pesa ya mafuta. Kaka, chanuo liliniponyoka.

Kwa hiyo nilijua. Nilipoandika hata kwa pikipiki mtu anafika, nilikuwa nakufungulia mlango, upite bila kuinama. Hukupita. Mkwajuni na sisi mkoa mmoja! Barua zako zinapanda basi mpaka Dar, Lusubilo anazipokea, anazipandisha basi zirudi Tunduma, ili mimi niamini zimetoka hosteli. Maskini Lusubilo. Hata joka lisingemtumikisha mtu hivyo.

Ulinicheka kwa kuvaa joho lisilo langu. Mimi nalivaa Jumapili, kwa muda wa saa tatu tu, watu wote mezani wanajua ni mchezo, na jioni nalivua nakwenda kumpikia mwanangu uji. Wewe hulivui. Unalala nalo, unaendeshea nalo pikipiki, na siku lilipotakiwa kweli, ukaliacha litundikwe Mkwajuni. Mimi wa kidato cha pili ndiye niliyesimama.

Haya, nimemaliza kukudharau. Nilitaka nikudharau kurasa nne lakini karatasi haitoshi, na hasira zenyewe zimekuwa chache kuliko nilivyodhani.

Mama sijamwambia. Hilo ni lako, ulipeleke kwa mdomo, usije ukaliegesha ukutani.

Jumapili tunacheza kama kawaida, saa nane. Joka limehama, sasa tunavuka nchi ya chumvi kwenda kumtetea binti wa mfalme aliyeibiwa kivuli. Yonasi lori lake lilivuka mpaka zamani, kwa hiyo fisi hatuna. Kiti kipo. Ila uwakili umeshachukuliwa. Nafasi iliyobaki ni ya punda anayebeba mafaili.

Tabita anaimba jina lake dirishani. Lote.

Fides


Mkwajuni, kwa Mama Eva, jirani na kijiwe cha bodaboda
13 Julai 2025

Mdogo wangu Fides,

Shikamoo. Ndiyo, leo naanza mimi.

Hii nimempa dereva wa gari la abiria moja kwa moja, haitapita kwa Lusubilo. Mimi mzima wa mwili. Nilisimamishwa chuo mwaka wa pili, nilifeli. Tarehe 21 niliamka alfajiri, nikajaza mafuta, nikafika Mlowo. Nikakaa pale na pikipiki mpaka jua likageuka, nikarudi. Ningefika, wangeniuliza swali moja tu ningeanguka.

Lile la ukuta nimelisoma mara nyingi. Nimemsomea na Mama Eva.

Jumamosi nakwenda Mbebe kwa Mama. Nitapiga hodi. Jumapili, Mungu akipenda, nitakuwa Mpemba kabla ya saa nane.

Huyo punda anaitwa nani?

Clement